Mwanafunzi wa densi aulizwe sakafu kabla ya kuuziwa viatu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wasomaji wanaojiandaa kujifunza densi, pamoja na walimu wenzangu wanaowapokea, kuhusu viatu. Mimi hufundisha wanaoanza, wengi wao watu wazima wanaofika jioni wakitoka kazini, na nimeona desturi moja ikiota mizizi ambayo sidhani inamfaa yeyote ila muuzaji. Mtu hujiandikisha leo, na kabla hajajua mguu upi hutangulia katika salsa huambiwa kwamba hatakubaliwa ukumbini mpaka awe amenunua viatu maalumu, mara nyingi kutoka kwa huyo huyo anayemwandikisha. Kwa kuwa hajui la kutazama, huchagua kwa rangi, kwa mng'ao na kwa urefu wa kisigino, wala hakigeuzi kiatu akaiangalia soli. Rai yangu ni kwamba kiatu cha densi kichaguliwe kuanzia chini kwenda juu: kwanza ijulikane sakafu, kisha soli, kisha namna kiatu kinavyokaa mguuni, kisha kisigino, urembo na uje mwisho.

Sababu ya kuanza na soli iko gotini. Densi za wawili wawili, iwe salsa, bachata, chacha au walzi, zimejaa mizunguko, na mzunguko hufanywa kwa sehemu ya mbele ya wayo, pale nyuma tu ya vidole. Mwili ukigeuka, mguu nao sharti ugeuke. Aliyevaa raba za kukimbilia, ambazo soli yake imetengenezwa makusudi ili ing'ang'anie chini, atajikuta kiatu kimebaki pale pale ilhali paja na kiuno vimekwisha kugeuka, na msokoto huo wote huangukia goti, kiungo ambacho kazi yake kubwa ni kukunja na kukunjua. Hapo ndipo watu huumia gegedu iliyo ndani ya goti au kano zinazolishikilia, na jeraha la namna hiyo haliponi kwa kuchuliwa mafuta ya nazi. Kwa upande mwingine, soli ngumu ya plastiki iliyo katika viatu vingi vya sherehe vya bei nafuu huteleza kupita kiasi, na mwanafunzi ambaye bado hajajua kuutawala uzito wake hukaza misuli yote kwa hofu ya kuanguka, jambo ambalo humharibia densi hata kama hakuanguka.

Viatu vya densi za ukumbini huwekwa soli ya swedi kwa sababu hiyo. Hii ni ngozi iliyokwaruzwa upande mmoja ikawa na manyoya mafupi, ambayo humwachia mchezaji kuzunguka na kuserereka kwa kiasi, lakini anaposimama humshika. Ni kitu kizuri, nami sina ugomvi nacho. Shida ni kwamba swedi ilizoeleka katika kumbi zenye sakafu ya mbao, na hapa kwetu sakafu ya mbao ni ya kutafutwa kwa tochi. Kumbi nyingi za Mombasa, za shule, za harusi, za mitaa na hata za hoteli, zina tarazo, vigae au saruji iliyosuguliwa, na kila moja ina tabia zake.

Tarazo iliyopigwa deki vizuri huelewana na swedi, ila ikipata vumbi hugeuka kuwa ya hatari, kwa sababu vumbi hujaa katika yale manyoya na soli huwa kama iliyopakwa poda. Vigae vya kung'aa ni vibaya zaidi kwa mwenye soli ya ngozi laini isiyokwaruzwa, na mistari ya saruji iliyo kati ya kigae na kigae hunasa visigino vyembamba. Saruji tupu huitafuna swedi. Mtu aliyeagiza viatu vya fedha nyingi akavichezea uani kwenye saruji ataona soli inakwanguka kabla hajazizoea hatua za mwanzo. Anayefanya mazoezi mahali kama hapo ni afadhali avae raba za densi, zile ambazo soli yake imegawanyika kati ili mguu upinde na ambazo mbele zina sehemu ya duara iliyo laini kwa ajili ya kuzungukia, au viatu vyake vya kale vya soli ya ngozi ambavyo hatavisikitikia vikiisha. Halafu kuna mchanga. Wanaochezea katika hoteli za ufuoni, Nyali au Bamburi, huuingiza mchanga ukumbini bila kujua, na mchanga hukwaruza kila kitu: soli, sakafu na hata ngozi ya kisigino iliyo ndani ya kiatu. Mwalimu asiyemwambia mwanafunzi haya, wala hakumwuliza anakusudia kuchezea wapi, kisha akamkabidhi pea ya viatu na risiti, amemfanyia biashara tu.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu wawaache wanaoanza wacheze wiki chache za kwanza kwa viatu walivyo navyo, maadamu vina sifa tatu: soli nyembamba isiyo na meno, kitu cha kukishika kisigino kisitoke, na wepesi wa kupinda pale vidole vinapopindia. Viatu vya ngozi vya ofisini vya wanaume mara nyingi hutosha kabisa. Kwa wanawake, kiatu cha chini kilichofungwa kwa ukanda juu ya wayo au kwenye kifundo cha mguu hufaa kuliko kile cha kuchomeka tu. Ndara hazifai. Makubadhi yetu nayo, pamoja na uzuri wake wote, hayafai kwa densi ya mizunguko, kwa kuwa hayana kitu cha kuushika mguu kwa nyuma, na mvaaji hulazimika kuyabana kwa vidole katika kila hatua.

Baada ya wiki hizo, anayetaka kuendelea ana njia ya pili ambayo wauzaji hawaisemi, nayo ni fundi wa viatu. Mji huu una mafundi hodari wanaokaa vibarazani na kando ya barabara, Mwembe Tayari, Majengo, Kongowea na kwingineko, na kubandika soli ya swedi juu ya kiatu kizuri ulicho nacho ni kazi wanayoiweza bila taabu, kwa ujira usiokaribia bei ya viatu vya kuagiza. Kuna mambo mawili tu ya kumweleza. La kwanza ni kwamba soli ya zamani ikwanguliwe vizuri kwa msasa kabla ya gundi, na viatu viachwe usiku kucha vishike, maana gundi iliyoharakishwa huachia kwa jasho na joto la pwani. La pili ni kwamba upande wenye manyoya uangalie chini. Fundi asiyewahi kushona kiatu cha densi, kwa kuipenda kazi yake iwe nadhifu, huweka upande laini nje, kwa kuwa ndivyo ngozi inavyowekwa katika kiatu cha kawaida, na mwenye kiatu huondoka na soli inayoteleza kuliko ile aliyoing'oa.

Sasa tuseme mtu ameamua kununua. Hapa niruhusu nikae kidogo, kwa sababu kukosea kipimo ndiko kunakowapotezea wengi fedha. Kiatu cha densi huvaliwa kwa kubana zaidi kuliko kiatu cha kutembelea. Nafasi ya kidole ambayo mzazi huipima kwa kubonyeza ncha ya kiatu cha shule haitakiwi hapa, kwa kuwa mguu unaocheza ndani ya kiatu huchelewa nyuma ya mwili na hutoa malengelenge. Katika kiatu cha wazi cha densi za Kilatini, vidole vinapaswa kufika ukingoni mwa soli kabisa. Kubana kuzuri ni kule kunakoushika mguu mzima sawasawa kama mkono wa mtu unaposalimiwa. Kubana kubaya ni kule kunakokukusanya vidole au kukuchoma mahali pamoja. Ngozi hulegea kadiri inavyopata joto na jasho, kwa hiyo inayobana kidogo dukani itatengemaa, lakini kitambaa cha satini hakilegei kwa kiasi hicho, na anayekinunua kwa matumaini kwamba kitatanuka ataumia bure.

Miguu ipimwe alasiri au jioni, wakati imekwisha kuvimba kidogo kwa kusimama na kwa joto, kwa kuwa ndiyo saa atakayoichezea. Ipimwe yote miwili, maana ni nadra miguu ya mtu kulingana kabisa, na ule mkubwa ndio ufuatwe. Kipimo kiandikwe kwa milimita: weka karatasi sakafuni ikigusa ukuta, simama juu yake kisigino kikiwa ukutani, kisha tia alama penye kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe kidole gumba. Nasisitiza milimita kwa sababu namba za viatu hazipatani. Hatua ya namba moja hadi nyingine katika vipimo vya Uingereza ni theluthi ya inchi, yaani karibu milimita 8.5, ilhali katika vipimo vya bara la Ulaya ni theluthi mbili za sentimita, karibu milimita 6.7. Namba za upande mmoja haziwezi kuangukia sawasawa juu ya namba za upande wa pili, na kila kiwanda huzilinganisha kwa jedwali lake. Anayeagiza kwa intaneti kwa kutaja kwamba yeye huvaa 39, bila kuuliza 39 ya kiwanda hicho ni milimita ngapi, anacheza bahati nasibu.

Upana nao usisahauliwe. Wengi wetu tulikulia peku au ndani ya ndara, na miguu yetu imetanuka mbele vizuri kama ilivyoumbwa, lakini viatu vingi vya densi vinavyouzwa kwa picha ni vyembamba kwenye vidole. Dawa yake ni kutafuta kiatu kipana zaidi, au chenye kanda zinazoweza kulegezwa, wala si kupanda namba. Anayepanda namba ili apate upana hupata urefu asiouhitaji, na kisigino kinaanza kuchomoka. Jaribio langu la dukani ni jepesi: vaa viatu vyote viwili, funga, simama kwa ncha za miguu, shuka, kisha zunguka nusu duara kila upande. Kisigino kikichomoka, kiatu hicho si chako. Tena jaribio hilo lifanyike kwenye sakafu tupu. Zulia la dukani huficha mengi.

Kuhusu kisigino, anayeanza hahitaji kile anachokiona kwa washindani kwenye runinga. Wanawake wanaoshindana katika densi za Kilatini huvaa visigino vya inchi 2.5 hadi 3, nao wana vifundo vilivyojengwa kwa miaka. Kisigino kikiwa kirefu, uzito husogea mbele na kuangukia nyuma ya vidole, na kifundo cha mguu kilichonyooka kwenda chini namna hiyo hupinduka kwa urahisi zaidi kuliko kilichokaa sawa. Inchi 1.5 hadi 2 ni kimo cha kutosha kujifunzia kila kitu, na kisigino kilichopanuka kwa chini ni bora kuliko chembamba. Kwa wanaume, kiatu chenye kisigino cha kawaida cha kama inchi moja kinatosha. Kile kirefu zaidi cha densi za Kilatini kinaweza kungoja hadi mtu awe na hakika kwamba huko ndiko anakoelekea. Nawaongezea akina mama na akina dada wanaofanya mazoezi wakiwa na dera: pindo likunjwe lifike juu ya kifundo, kwa kuwa kisigino chenyewe, hata kiwe kifupi namna gani, kikilinasa pindo wakati wa kurudi nyuma, anayeanguka huanguka chali.

Si kila densi, wala si kila ngoma, inayohitaji gharama hii. Chakacha na lelemama zimechezwa katika mji huu vizazi na vizazi bila mtu kuulizwa soli, na anayefunzwa sengenya na wazee wa Kidigo atavua viatu. Anayetaka tu asione haya kwenye harusi, asakate rumba ya Kongo, ile ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2021, atatosheka na kiatu chochote kizuri kisichomshika chini. Rumba ya mashindano, yenye asili ya Kuba, ni densi nyingine kabisa, na muuzaji mwaminifu humwuliza mteja ni ipi kabla ya kumshushia maboksi.

Baleti inataka maneno yake, kwa sababu hapa ni watoto wanaoumia. Mtoto anayeanza anahitaji kiatu laini cha turubai au ngozi, chenye soli moja nzima na ugwe wa mpira juu ya wayo. Soli iliyogawanyika hupendeza machoni, lakini soli nzima humfanya mtoto autumie mguu wake kwa nguvu anapounyoosha, na ndiyo mazoezi yenyewe. Mzazi aache ile hesabu yetu ya kununua namba kubwa ili mtoto akue nacho. Kwa kiatu cha shule inasameheka, kwa baleti kiatu kinachopwaya humkwaza na kumzuia mwalimu kuona vidole vinafanya nini. Na viatu vya kusimamia ncha za vidole visinunuliwe kwa hali yoyote bila mwalimu kusema. Watu hudhani vina mti ndani. Kwa kawaida ni tabaka za kitambaa, karatasi na gundi zilizokaushwa zikawa ngumu, na kinachombeba mtoto ni nguvu ya miguu, vifundo na kiwiliwili alivyovijenga kwa miaka ya mafunzo. Kwa desturi watoto hawaviruhusiwi kabla ya umri wa miaka 11 au 12, kwa sababu mifupa ya miguu ingali inakomaa. Zawadi ya siku ya kuzaliwa ya namna hiyo, hata ikitolewa kwa mapenzi makubwa, ikae kabatini.

Katika mitumba ya Kongowea huokotwa mara moja moja viatu vya densi vizuri ajabu. Mwenye bahati hiyo avipime hivi: akipinde kiatu kwa mikono, kipinde pale vidole vinapopindia, na uvungu wake ubaki mgumu, kwa kuwa ndani yake hufichwa kipande cha chuma cha kuubeba mguu. Kikipinda katikati, chuma hicho kimevunjika au hakikuwepo. Akiweke juu ya meza atazame kwa nyuma kama kisigino kimesimama wima. Aikague gundi kwa ukucha, kwa maana gundi iliyozeeka huonekana imeshika mpaka siku ya kutoa jasho.

Hali ya hewa ya pwani ni adui wa viatu hivi kuliko uchezaji wenyewe. Visivaliwe njiani hata hatua chache, kwa kuwa maji na lami huiharibu swedi. Baada ya darasa vifutwe na vianikwe kivulini penye upepo. Jua hukausha gundi na kuikunja ngozi, na kuvifungia vikiwa na unyevu huleta kuvu. Vibebwe katika mfuko wa kitambaa unaopumua, na katika hili marufuku ya mifuko ya plastiki ya mwaka 2017 imetusaidia bila kukusudia. Soli ikishaanza kung'aa kwa uchafu, isuguliwe kwa brashi ndogo ya waya, taratibu, hadi manyoya yasimame tena. Wale wanaomwaga poda sakafuni ili wazunguke vizuri wakumbuke kwamba ukumbi si wao peke yao.

Mwisho nina ombi kwa wenye maduka na kwa walimu wanaouza viatu. Soli ya swedi ikishagusa sakafu huchafuka, nami naelewa kwa nini hamtaki kuirudisha. Basi wekeni ukumbini pea moja ya kila namba iwe ya kujaribia tu, mwanafunzi aivae darasa zima, azunguke nayo na atoe jasho, ndipo alipie iliyo ndani ya boksi. Na asiyepewa nafasi hiyo aulize kabla ya kutoa fedha, akiwa bado hajavitoa viatu katika karatasi yake, kama vikimkataa vitarudishwa au kubadilishwa, na jibu hilo liandikwe kwenye risiti.

Mwalimu wa densi,
Tudor, Mombasa